Filamu za zamani za watoto zilivyonibakishia binti yangu hapa Dzaleka

Wakuu, salaam kwenu wote, wa bara, wa visiwani na sisi wa makambini.

Habari ya leo ni yangu mwenyewe, sikuisikia kwa mtu. Nitaieleza kama ilivyokuwa, hata pale inaponiangusha. Anayetaka kucheka acheke, ila asiruke aya.

Kwanza mnijue.

Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo. Niko hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, miaka mingi. Shule niliishia la nne primaire, na hiyo la nne yenyewe sikuimaliza. Kwa hiyo mkiona Kiswahili changu kinachechemea, kimetembea sana hicho, mkisamehe.

Lakini akili ya kutafuta Mungu alinipa, tena alinipa na ya kubakiza. Nilianza na sola moja ndogo, nachajia watu simu chini ya turubai. Leo nina nyumba ya kuchaji, nina kinyozi, na nina banda la video la matofali na mabati, lile mnaloita banda umiza huko Tanzania. Langu haliumizi mtu, lina benchi zenye migongo. Niliyechora ni mimi, niliyejenga ni mimi. Uliza yeyote kuanzia barabarani hadi sokoni.

Na kitu ambacho hakuna anayenishinda hapa ni kutafsiri filamu.

Kwa wasiojua: filamu inacheza kwa Kiingereza au Kichina, mimi nimekaa pembeni na maiki, nawaambia watu kinachoendelea. Kiingereza changu ni kidogo sana. Haina shida. Mtafsiri hatafsiri maneno, anatafsiri sura. Na desturi yetu ni kuwapa watu wa filamu majina ya watu wa hapa. Jambazi mnene unampa jina la fundi baiskeli wa jirani, mrembo unampa jina la mama muuza mandazi. Watu wanaanguka kwa kicheko. Njo utamu wenyewe, njo ya kwetu ni ndio yenu.

Desturi ya pili, hii ni ya kujivuna kwetu: mtafsiri wa kweli haangalii filamu kabla. Anaiona pamoja na watu, hapo hapo. Ukiangalia kabla wewe ni mwanafunzi.

Shikeni hiyo, njo iliniletea balaa.

Sasa, binti yangu.

Anaitwa Sifa, ana miaka tisa. Mama yake alikufa kwa ugonjwa Sifa akiwa bado wa kubebwa, na mimi nilikuwa nimeshavuka huku kutafuta. Akalelewa na mama wa mama yake, Koko Maombi. Koko njo bibi, kwetu tunaita hivyo. Nilikuwa natuma cha kutuma, nasikia sauti yake kwa simu, basi.

Vita ilipofika kwao wakatoka, koko na mjukuu, kwa miguu. Sifa alifika hapa na mama mmoja wa kanisa. Koko hakufika. Yule mama alituambia tu kwamba alimkuta mtoto peke yake barabarani, na watu waliokuja nyuma walisema koko amekufa huko. Zaidi hakujua. Na Sifa hakusema.

Wakuu, Sifa hakusema chochote. Ukimwita anakuja, ukimpa anapokea. Nilimnunulia viatu, kitanda, godoro zito lile la kukalia mfalme. Nguo za shule pea mbili wakati shule imefungwa. Anasema "aksanti" anaangalia chini. Kuniita papa, hapana.

Mama yake alikuwa na mdogo wake, Mapendo, fundi cherehani, ameolewa na Mmalawi, wanakaa Chinsapo, Lilongwe. Yeye njo mama mdogo wa Sifa. Akaja kutuona, akakaa na mtoto mchana mzima, halafu akaniita nje.

"Shemeji, huyu mtoto haishi hapa. Iko tu."

Nikamwambia, "Anakosa nini? Angalia kitanda kile! Hata mchungaji hana kitanda kile."

"Kitanda haiongei na mtoto, shemeji. Basi sikiya. Namuacha mpaka shule ifunguliwe. Kama bado iko hivi, namuchukua Chinsapo. Kule kuna batoto bangu, kuna miye. Damu ya mama yake."

Nikajibu kwa sauti kubwa, jirani wasikie: sawa, tutaona! Lakini ndani nilijua anasema kweli. Na nilijua akienda harudi. Mtoto akishazoea nyumba ya mama mdogo, mimi nitakuwa yule mtu wa kutuma viatu tu.

Basi nikaanza kumchukua bandani, angalau akae karibu na mimi.

Siku ya kwanza nilikuwa nimeweka ya kivita, maana njo inajaza watu. Bunduki ya kwanza kulia, nageuka, Sifa ameziba masikio, mgongo ameuweka ukutani, macho yako mlangoni. Nikazima palepale. Watu walipiga kelele, mmoja akasema, "Mzee, umeme wa sola nao unakatika?" Nikawaambia leo imetosha.

Asubuhi yake nikapanda minibasi mpaka Lilongwe. Nikazunguka soko la Area 36 kwa wauza vya mitumba, kutafuta filamu isiyo na bunduki. Wakuu, tafuteni na ninyi mtaona kazi yake.

Kijana mmoja wa spika na rimoti za mitumba alikuwa na boksi la CD za zamani, jalada zimepauka na jua. Watoto na mahandaki, watoto na mitumbwi, watoto na mbwa. Akaniangalia, akacheka.

"Achimwene, izi ndi za ana." Yaani kaka, hizi za watoto.

Nikamwambia zikomo, asante, nipe boksi lote.

Hapa nisimame kidogo niwaambie kitu kuhusu filamu hizi za zamani, maana najua kuna wanaozidharau.

Nimeangalia filamu nyingi kuliko wengi humu, ni kazi yangu. Hizi za siku hizi zinakimbia, hata njia ya kutoka hapa kwenda pale huioni, umeshafika. Zile za zamani zinakuacha utembee. Watoto wakipanda kilima, unapanda nao mpaka pumzi inakuishia. Rangi imechujuka kidogo kama kitenge kilichofuliwa sana, na wabaya wake ni wapumbavu, wanateleza kwenye matope, mtoto anawacheka.

Halafu kuna jambo kubwa kuliko yote. Batoto ba filamu zile wanaenda kwenye hatari kwa kupenda wenyewe. Wanafunga mkate kwenye kitambaa, wanatoroka, wanaingia pangoni. Na jioni wanarudi kwao, chakula kipo mezani, mama anagomba.

Hapa kambini kila mtoto ameshapita hatari yake. Hakuna aliyeichagua, na kwao hakuna meza inayomsubiri. Sasa unamweka mbele ya filamu ambayo hatari ni mchezo na kila mtu anarudi. Wengine walikuwa wanaangalia midomo wazi, hawacheki, hawapepesi, kama wanaangalia chakula.

Tuendelee.

Zile za kwanza zilipita vizuri. Sifa akatoka ukutani akaja benchi ya nyuma. Halafu ya katikati. Nikaanza kusema moyoni, Mapendo utabaki na cherehani yako.

Jumamosi moja mchana nikaweka CD ambayo jina lilikuwa limefutika. Banda limejaa, watoto kwa mama zao.

Inahusu kijiji ambako wezi wawili wameiba kengele ya kanisa. Watoto watatu wanaamua kuifuata milimani, wana punda wao mzee, na yule mdogo kabisa anapanda punda. Njiani wanafika kwa bibi mmoja mwenye kitambaa kichwani. Anawapa mkate na maziwa, anampapasa mdogo kichwani. Sura nzuri, wakuu, sura ya kanisani kabisa.

Na mimi, kwa akili zangu nyingi, nikasema: leo nitamfurahisha binti yangu. Nikashika maiki.

"Mabibi na mabwana, huyu mnayemuona ni Koko Maombi wa Uvira! Mama wa wote! Mpigieni makofi!"

Wakapiga makofi. Nikamwangalia Sifa. Wakuu, alitabasamu. Mara ya kwanza tangu afike. Nikajiona mimi si mtu wa kawaida.

Watoto wa filamu wakaendelea mlimani, punda akachoka. Akalala chini, akagoma. Wezi wako karibu, ikabidi wamwache pale njiani, yule mdogo analia. Wakarudi mbio kwa bibi kuomba msaada.

Bibi akawafungulia mlango, akawaingiza ndani, akafunga kwa nje.

Halafu akafunua majani nyuma ya nyumba. Kengele hii hapa. Mkubwa wa wezi alikuwa ni yeye.

Banda lilipasuka. Watoto wa kambi wakasimama kwenye benchi zangu. "Koko Maombi mwizi! Koko Maombi mwizi! Afungwe!" Wanapiga miguu, wanapiga miluzi. Nikajaribu kuokoa, nikasema kwa maiki, "Hapana, anajifanya tu, ana mpango wake!" Lakini kwenye ukuta kule filamu inapochezea, bibi anacheka na wezi, meno yote nje. Utasema nini? Mtoto mmoja akapaza sauti, "Mzee, usitetee mwizi kwa sababu ni wa kwenu!"

Sifa akasimama. Akapita kati ya miguu ya watu, akatoka.

Nikazima filamu. Nikamkuta nyumbani, viatu nilivyomnunulia vimepangwa kando ya kitanda, yeye yuko chini kwenye mkeka. Akasema neno lake refu la kwanza kwangu.

"Minataka kwenda kwa mama mudogo."

Hakulia. Mimi njo nilitoka nje nikasimama nyuma ya banda langu la matofali, nikaliona halina maana.

Mapendo akapata habari, hapa habari ina miguu kuliko kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria. Akanipigia, "Umemuita mama yangu mwizi mbele ya kambi muzima?" Maana mkumbuke, Koko Maombi ni mama yake mzazi. Nikajieleza, akakata. Akatuma ujumbe: Jumamosi anakuja kumchukua, asubiri akiwa amefunga begi. Shule yenyewe ilikuwa karibu kufunguliwa.

Wiki ile nilikuwa mpole, hata wateja wa kuchaji waliuliza kama naumwa.

Siku moja tunakula nsima na usipa, yaani ugali na dagaa. Sifa akasema bila kuniangalia:

"Na ule punda?"

"Punda gani?"

"Wa kule mulimani. Alifika?"

Nikamwambia sijui, nilizima. Akaacha kula. Nikaona uso wake, na kwa mara ya kwanza nikafikiri kabla ya kusema kitu. Mimi sina mazoea ya kuomba msamaha kwa mtoto, kwetu haiko vile. Lakini nikamwambia, "Nilikosea jina. Filamu ile ni yako sasa. Majina yote utayapa wewe."

"Bote?"

"Bote. Mimi nitakaa kwa benchi."

Jumamosi Mapendo akafika juu ya kabaza, ametoa jasho, amekasirika. Begi lilikuwa mlangoni. Sifa akamwambia, "Mama mudogo, ngoja kwanza nione punda."

Mapendo akaniangalia kama ameona nimemroga mtoto. Akaja bandani, akakaa nyuma, begi magotini.

Nikaweka filamu. Sifa akakaa mahali pangu, maiki mikononi, hakusema kitu. Watu wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema, "Mtafsiri amemeza betri?" Kicheko. Nikataka kuinuka, nikajizuia.

Wale watoto watatu hakuwapa hata majina, aliwaita wa kwanza, wa pili na mutoto mudogo.

Punda akatokea. Sifa akasogeza maiki mdomoni.

"Huyu ni Koko Maombi."

Mnajua kumwita mtu punda ni nini. Nilimsikia Mapendo nyuma yangu, "Eh! Mungu wangu!" Mzee mmoja wa kanisa akageuka kuniangalia, kama mimi njo nimemfundisha.

"Ananibeba ku mugongo," Sifa akasema. "Yeye haongei njiani. Iko nabeba tu."

Akaendelea. Wakuu, sijui niandikeje. Sauti ndogo, haina mapambo, haina vituko vyangu. Filamu inaonyesha mto, yeye anasema, hapa maji ilikuwa baridi, Koko akasema funga macho. Filamu inaonyesha kilima, yeye anasema, hapa hakuna chakula, Koko amesema ameshiba. Watoto wa benchi za mbele walikuwa hawaangalii tena ukuta, wanamwangalia yeye.

Ikafika kwa bibi wa mkate na maziwa. Watu wote wakajiuliza: huyu atamwita nani?

"Huyu ni papa. Anatoa mukate, halafu anafunga mulango."

Kwanza kicheko, kile cha kuangusha mabati. Wananipiga mgongoni, "Mzee mwizi! Afungwe!" Nikacheka nao. Lakini neno lile lilinipata kweli. Nilikuwa nimempa kila kitu cha kununuliwa, na habari za koko wake sikuwahi kumuuliza hata siku moja. Niliogopa.

Halafu mlima. Punda akalala chini.

Sifa akashusha maiki kidogo. Nikasema moyoni, sasa atatoka. Akasema:

"Hapa Koko amechoka. Amenishusha. Amesema, Sifa tangulia, naja nyuma. Miye nikasema hapana. Akasema tangulia, miye niko nakuona. Nikatangulia. Nilikuwa nageuka, iko nanipungia mukono. Kisha nikageuka, hapungi tena."

Nyuma yangu nikasikia begi limeanguka chini. Mapendo alikuwa hajui mama yake alikufa vipi. Hakuna aliyekuwa anajua. Ni mtoto huyu peke yake alikuwa amebeba.

Filamu haijali, inaendelea. Watoto wakatoka dirishani, wezi wakateleza kwenye matope, kengele ikarudishwa kijijini. Wanaipiga, watu wanacheza, mikate mezani, mama wanagomba na kukumbatia. Kila mtu yupo. Punda hayupo. Nilikuwa naomba Mungu kwa filamu, wakuu, mtu mzima mimi. Nilisema wewe uliyetengeneza hii, popote ulipo, usiniangushe.

Muziki ukapungua. Wakaonyesha ile njia ya mlimani, tupu. Ikakaa hivyo muda mrefu, zile za zamani haziogopi kusubiri. Halafu kwenye kona, polepole, anachechemea, ana majani mdomoni, punda akatokea.

Banda lote likamgeukia Sifa.

Akasogeza maiki.

"Koko amefika," akasema. Punda akaingia kwenye sherehe akaanza kula kofia ya mkubwa wa kijiji. "Amefika. Anakula."

Kelele za siku ile, sijawahi kuzisikia hata kwa fainali ya mpira. Mama zao wanalia, watoto wanaruka, wengine wanaita, "Karibu Koko! Pole na safari Koko!" Mapendo alikuja mbele akamshika mtoto, wakalia wote wawili sakafuni. Ilikuwa mara ya kwanza Sifa kulia tangu afike Malawi.

Mimi niliangalia waya za betri. Mtu lazima aangalie waya.

Jua lilipoanza kushuka Mapendo akaokota begi. Akapangusa vumbi, akamuuliza mtoto, "Sasa Sifa, tunaenda?"

Sifa akaangalia begi, akaniangalia mimi, akaangalia lile boksi la CD.

"Mama mudogo, Jumamosi iko filamu ingine," akasema. "Na papa hajui majina."

Mapendo akacheka na machozi yake. Akaliweka begi chini. "Kweli hajui," akasema. "Shemeji, hujui kabisa." Sikubisha. Mara moja maishani mtu ameniambia sijui kitu nikafurahi.

Njo hivyo, wakuu. Shule imefunguliwa, Sifa anasoma hapa hapa Dzaleka. Mapendo anakuja akipata nafasi, anakaa benchi ya mbele kama bosi. Mimi bado ni mtafsiri namba moja wa kambi kwa filamu za wakubwa, hilo halijabadilika na halitabadilika. Ila Jumamosi mchana maiki si yangu.

Nilichojifunza? Namshukuru Mungu kwanza. Namshukuru Koko Maombi aliyenibebea mtoto mpaka alipoishiwa nguvu, sina cha kumlipa. Nawashukuru wale watu wa zamani waliotengeneza filamu ile, hawanijui, labda wameshakufa, ila walikataa kumwacha punda mlimani, na kwa hilo tu walifanya kazi ambayo mimi na kitanda changu tulishindwa.

Na ninyi wenye watoto waliopita mambo mazito, msiwasukume waseme. Wapeni hadithi ya mtu mwingine waishike mkononi. Ya kwao itatoka yenyewe ikiona njia.

Haya, nimemaliza, uwanja ni wenu. Wewe ulikua na filamu gani za watoto, na ni ipi mpaka leo ukiiona unakaa chini? Ambaye ana za zamani ndani, hazina bunduki, kila mtu anafika, aniandikie hapa chini. Sifa ameshamaliza boksi.